Nani Atangulie Njiani? Mjadala wa Udzungwa, Rufiji na Mafia

Mwongoza watalii: Nitasema bila kuzunguka. Bila safari za kuongozwa, ukanda huu wa kusini ungebaki jina kwenye ramani. Mgeni anatua Dar es Salaam hajui Mang'ula iko upande gani wa Morogoro. Mimi ndiye ninayempokea, nikampandisha Udzungwa mpaka maporomoko ya Sanje, nikamshusha Rufiji kwenye boti, nikamfikisha Mafia akaogelee na potwe, akarudi kwao mzima. Kila kituo tumeacha pesa: kiingilio cha hifadhi, mpishi, wapagazi, mwenye boti, hata ndizi za mama huyu hapa. Anayetaka biashara hii ipunguzwe aniambie pengo lake ataliziba kwa kitu gani.

Mkulima: Ndizi ulichukua mkungu mmoja, mwanangu, na bado ukaomba nikupunguzie.

Mwongoza watalii: Nilichukua, mama. Lakini nililipa.

Mkulima: Ulilipa, sikatai. Ninachokataa ni kuingizwa kwenye hesabu zako za faida kwa mkungu mmoja. Msitu ule tuliujua kabla haujawa hifadhi. Ulipotangazwa mwaka 1992 tuliambiwa ni mali yetu sote. Tukabakiziwa siku maalumu za kuingia kuokota kuni kavu, tukasema afadhali. Mwaka 2011 na hilo likafutwa. Sasa nikikaa barabarani kuuza, nawaona wageni wako wanapanda njia ambazo sisi tulikuwa tunashuka na mizigo kichwani. Wao wakitembea humo ni mapumziko. Mimi nikitembea humo nakamatwa.

Mhifadhi (mstaafu): Mama, hilo nimelisikia miaka yote ya kazi yangu, wala silijibu kwa kiburi. Lakini tuseme yote. Kuni kavu peke yake hazimalizi msitu. Linaloumaliza ni panga. Mtu anaingia kuokota, anakuta kavu hazitoshi, anauchuna mti mbichi gome pande zote, mviringo, kama anaufunga mkanda. Hapo hajakata kitu, hana kosa. Polepole majani yanaanza kupukutika, na baada ya muda anarudi kuokota "kavu" yake. Miti ya namna hiyo nimeigusa kwa mikono yangu. Na huko bondeni msitu ulishakwenda, umekuwa miwa na mpunga, kikabaki kipande kama Magombera. Udzungwa ina kilomita za mraba 1,990 tu, na humo wamo viumbe wasiopatikana popote pengine duniani. Mbega mwekundu wa Udzungwa yumo. Ng'olaga, wa jamii ya nyani, ambaye watafiti walimjua mwaka 1979, yumo.

Mwalimu: Hapo kwa ng'olaga nisamehe nikukatize, mzee. Nafundisha historia Temeke, na jambo hili huwa linanikera. Watafiti walimjua 1979, sawa. Wenyeji walimjua lini? Wageni wale walikuwa karibu na Sanje wakasikia mlio mkubwa wasioufahamu. Aliyewaambia ni mnyama gani alikuwa mtu wa huko huko, aliyekuwa amewaongoza. Jina la ng'olaga lilikuwepo tayari. Kwa hiyo swali letu la leo lina zaidi ya miaka arobaini: mwenye kujua msitu ni yule anayeongoza au yule anayeandika?

Mwongoza watalii: Basi dada umenitetea bila kujua. Mwongozaji ndiye aliyejua.

Mwalimu: Mwongozaji wa siku ile alikuwa mtu wa pale. Wewe kwenu wapi?

Mwongoza watalii: Kwetu Moshi.

Mkulima: Aa!

Mwongoza watalii: Na kuna ubaya gani? Nimesomea kazi hii. Nazungumza Kijerumani na Kifaransa cha kutosha. Najua kumfunga bendeji mtu aliyeteguka mguu, na najua ukimpandisha mzee wa miaka sabini Sanje saa saba mchana bila maji ya kutosha utamshusha kwa machela. Udzungwa haina barabara ya gari ndani, kila kitu ni miguu. Maporomoko yale yana mita 170 hivi, na njia ya kuyafikia mvua ikinyesha inateleza vibaya. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 imeitengea Mtanzania kazi ya kuongoza. Mtanzania, haikusema mzaliwa wa kijiji cha karibu. Tukianza kuulizana kwenu wapi, kesho mvuvi wa Mafia atazuiwa kuuza samaki Dar.

Mvuvi: Mimi sizuiwi, mwanangu. Wanaponunua kwangu Kilindoni wananipa bei wanayotaka wao, hiyo ndiyo inayonizuia. Lakini endelea.

Mwalimu: Sheria umeisema sawa. Mimi nauliza juu ya simulizi. Nimewahi kukaa karibu na kundi la wageni safarini, nikasikiliza. Mwongozaji aliwaeleza habari za Frederick Selous kwa raha zote: mwindaji hodari, aliuawa vitani Beho Beho Januari 1917, kaburi lake lipo hapo hapo. Vizuri, ni historia. Ila mto wanaokwenda kuuona ndio mto wa vita vya Maji Maji. Kinjikitile, mganga wa vita hivyo, alikuwa Ngarambe, na watu walimfuata huko kutoka pande zote, kabla Wajerumani hawajamnyonga Agosti 1905. Kundi lile halikusikia hata neno moja juu yake. Wageni walirudi kwao wanamjua Mwingereza mmoja aliyezikwa Rufiji, hawawajui Warufiji.

Mwongoza watalii: Wengine wanauliza, wengine hawaulizi. Mgeni amelipia likizo, siwezi kumfanyia mtihani.

Mwalimu: Mgeni anaulizaje jambo asilojua kwamba lipo?

Mhifadhi: Hapo mwalimu ana haki. Nyongeza ndogo: ukitaka mgeni aelewe safari hii, mwonyeshe kwamba ni maji yale yale. Vijito vya Udzungwa vinaingia Kilombero. Kilombero na Luwegu ikikutana ndiyo Rufiji inazaliwa, mbele kidogo Ruaha Mkuu unaingia, kisha delta, kisha bahari ya Mafia. Kampuni zinauza msitu, mto na kisiwa kama vitu vitatu. Ni kitu kimoja. Ukiharibu juu, chini wanakunywa tope.

Mvuvi: Na katikati mmeweka ukuta.

Mhifadhi: Ndiyo, bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Umeme ulianza kutoka Februari 2024. Zamani boti za watalii zilipanda mpaka kwenye korongo lenyewe la Stiegler. Siku hizi korongo ni mradi. Mimi siupingi, nchi inataka umeme, ila nasema maziwa yale ya Tagalala na Manze yamezoea mto unaopanda na kushuka. Anayeongoza watalii leo lazima ajue mto wake unafunguliwa na kufungwa na watu.

Mwongoza watalii: Hilo tunawaeleza.

Mwalimu: Turudi kwenye pesa, kwa sababu mimi ndiye Mtanzania mnayesema kila mwaka kwamba atembelee nchi yake. Niliomba bei ya safari hii kwa zaidi ya kampuni moja. Zote zikanijibu kwa dola, moja ikaniuliza ninatokea nchi gani. Kiingilio cha raia hifadhini ni nafuu, hakina shida. Shida ni kila kilichofungashwa juu yake. Nikaona nijiongoze. Treni ya SGR kwenda Morogoro ilianza Juni 2024, nikapanda hiyo, nikachukua basi hadi Mang'ula, nikalala nyumba ya wageni ya kawaida, asubuhi getini nikapewa kijana wa pale pale kunipandisha. Alinionyesha mti ambao bibi yake alitumia magome yake kutibu tumbo. Baadaye nikaenda Nyamisati, nikavuka kwenda Kilindoni na akina mama wenye ndoo za kuku. Sikuona wageni wenu walichonizidi.

Mwongoza watalii: Rufiji uliiona?

Mwalimu: Rufiji sikufika.

Mwongoza watalii: Enhe. Kwa nini?

Mwalimu: Kutoka Mang'ula kwenda kwenye geti la Mtemere hakuna usafiri wa mtu mwenye mshahara wangu. Lazima ukodi gari, ukifika ukodi boti.

Mwongoza watalii: Sasa hiyo ndiyo kazi yetu. Kuunganisha. Watu wanadhani tunalipwa kwa kutembea mbele ya mtu. Tunalipwa kwa zile sehemu ambazo hakuna basi, hakuna nyumba ya wageni, na boti ikizimika mashine katikati ya viboko hakuna wa kumpigia simu. Kiboko haulizi kama nahodha ni mwenyeji.

Mvuvi: Wewe nawe hukufika Rufiji, mwanangu.

Mwongoza watalii: Mzee wangu, mimi niko Rufiji kila msimu.

Mvuvi: Uko hifadhini. Wageni wako wanaangalia mamba na viboko kwenye maziwa, halafu unawapandisha ndege ndogo kwenye kiwanja cha humo humo porini, wanatua Mafia. Delta mnaipita juu. Mke wangu ni mtu wa huko, nakufahamisha. Kule ndiko mto unakokutana na bahari, mikoko mpaka macho yanachoka, kuna watu wanalima mpunga, wanatega kamba, wanakata boriti, wanajengea nyumba juu ya nguzo kwa sababu wanajua maji yatakuja. Yalikuja Aprili 2024, Rufiji na Kibiti yote ikawa bahari. Mnasema mnauza msitu, mto na kisiwa. Mto mnaoujua nyinyi hauna watu.

Mwongoza watalii: Nyamisati kwenda Kilindoni kwa kusi si mchezo. Nani atabeba dhamana mgeni akidondoka? Na mikokoni ni maji kupwa na kujaa, ukikosea saa boti inakaa kwenye tope mpaka usiku, mbu wanakula mtu mzima mzima.

Mvuvi: Wanaoishi mle wanajua saa ya maji bila kuangalia saa. Ungewachukua hao.

Mwandishi: Basi hoja ndiyo hiyo, na naomba tuishike: kila kituo kiongozwe na watu wake. Mang'ula waongoze Sanje, Warufiji waongoze mto, Wamafia waongoze bahari. Kampuni ibaki kuunganisha. Nani anapinga?

Mvuvi: Mimi.

Mwalimu: Wewe, mzee? Tulidhani wewe ndiye utakayeisimamia.

Mvuvi: Mlidhani vibaya. Njoo Kilindoni asubuhi mwezi wa kumi na mbili. Potwe anakuja kula karibu na pwani, unaona mgongo wake na madoa yake, kila mmoja na madoa yake, watafiti wanawatambua kwa hayo hayo. Samaki mkubwa kuliko wote, na chakula chake ni vidudu vidogo vya baharini. Haraka hana. Anatokea mmoja tu, na boti zinamwendea zote. Siyo boti za Moshi hizo. Ni za vijana wetu, watoto wa ndugu zangu, kila nahodha anapiga kelele wageni wake waruke kwanza. Mmoja anamkatia njia mbele, mwingine anamrukia mgongoni. Wote wameshafundishwa: usimguse, usimzibe mbele, kaa mbali na mkia. Wanajua. Lakini mgeni asipoogelea karibu hatoi bakshishi. Uenyeji haumfanyi mtu asione njaa.

Mwongoza watalii: Asante, mzee.

Mvuvi: Usinishukuru. Wamejifunza kwenu.

Mhifadhi: Watu wengi hawajui kwamba potwe wa Kilindoni wako nje ya hifadhi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania, na imekumbatia Ghuba ya Chole, Juani, Jibondo, matumbawe ya upande ule. Huyu samaki anayejaza ndege za msimu yuko upande wa magharibi, kwenye maji ya wavuvi. Kwa hiyo ulinzi wake unategemea makubaliano kuliko doria.

Mvuvi: Yuko kwenye maji yetu kwa sababu anafuata tunachofuata sisi. Tukiwa na karabai usiku, dagaa wanakusanyika, na yeye yupo. Akiingia ndani ya wavu tunaushusha, atoke. Tukiushusha, dagaa nao wanatoka. Kazi ya usiku mzima imekwenda. Hakuna mtu aliyewahi kuja asubuhi kusema, mzee, wavu wako umemwokoa samaki ambaye leo watu wamelipia dola kumwona, shika na wewe.

Mwongoza watalii: Hilo la wavu silijui. Nasema kweli, sijawahi kuambiwa.

Mwalimu: Kwa sababu hukulala Kilindoni, ulilala Utende.

Mkulima: Na mimi nasema siyo pesa tu. Nyinyi nyote mnazungumza kama kila kitu kikilipwa basi kimekwisha. Ningelipwa leo kwa zile kuni, ningenunua mkaa, mkaa ukaisha, nikarudi pale pale. Zamani nilikuwa na mahali. Nikiingia msituni nilijua wapi kuna maji, wapi kuna uyoga baada ya mvua, wapi bibi zetu walifanyia matambiko. Mjukuu wangu hajui. Amezaliwa chini ya ule mlima, hajawahi kuingia. Akitaka kuingia itabidi aje na huyu kijana wa Moshi.

Mhifadhi: Shule zinapelekwa, mama.

Mkulima: Kwa basi, siku moja, wamevaa sare, wanapiga kelele. Wanyama wote wameshakimbia.

Mhifadhi: Nakubali ni kidogo. Lakini mnisikie juu ya idadi, kwa sababu mnanipeleka mahali ambapo kila mtu anapewa njia yake ya kuingia, mwishowe hakuna msitu. Mnakumbuka chura wa Kihansi? Huko huko kwenye miteremko ya Udzungwa. Alionekana mara ya kwanza mwaka 1996, mdogo kama ukucha, anaishi kwenye mvuke wa maporomoko mamoja tu duniani. Mitambo ya umeme ikachukua maji, ukungu ukapungua, na ugonjwa wa kuvu ukamaliza kazi. Mwaka 2009 akatangazwa hayupo tena porini. Waliobaki walikuwa Marekani, wanazalishwa kwenye bustani za wanyama kwa mashine za kunyunyizia maji. Hakuuawa na watalii, hapana. Lakini ananifundisha kwamba sehemu hizi zina kikomo chembamba. Kwa hiyo mimi sitaki watalii wengi Sanje. Nataka wachache, walipe zaidi.

Mwalimu: "Wachache walipe zaidi" maana yake mimi nitoke.

Mhifadhi: Raia atakuwa na bei yake.

Mwalimu: Bei ya getini, ndiyo. Gari, boti, kambi, ndege havina bei ya raia. Ukipunguza watu kwa bei, waliobaki ni wale ambao wangeweza kwenda Amazon wakitaka. Msitu unakuwa wa taifa kwa jina. Kama kikomo ni watu thelathini kwa siku, tupange foleni wote, Mjerumani na mwalimu wa Temeke, atakayetangulia kuandikisha aingie.

Mwongoza watalii: Dada, foleni haiuziki. Mteja wangu anapanga likizo mwaka mzima kabla. Nikimwambia "njoo Mang'ula, ukipata nafasi utapanda, usipopata utakula ndizi", anakwenda Rwanda. Anakwenda Uganda. Bwindi vibali vya gorila vinauzwa mapema na kwa bei kali, na watu wanalipa, kwa sababu wanajua siku yao ipo. Kusini yetu haina jina hilo bado. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kuinua utalii wa ukanda huu, tukafurahi, barabara zitakuja. Mwaka 2024 mradi ukafutwa.

Mkulima: Ulifutwa baada ya watu wa upande wa Ruaha kulalamika. Malizia habari.

Mwongoza watalii: Ndiyo, wanavijiji walilalamika, na malalamiko yalikuwa mazito. Sisemi walikosea. Nasema mimi niliyekuwa nangoja barabara nimebaki na matope.

Mwandishi: Nikiri upande wangu kidogo: hoja ya mzee mvuvi juu ya vijana wa boti imenipunguzia imani niliyokuja nayo. Lakini sijasikia mtu akijibu swali la mwalimu. Kama ni wachache, ni nani?

Mhifadhi: Nafasi zigawanywe. Nyingine kwa wageni wa kampuni, zinanunuliwa mapema. Nyingine kwa raia, kwa kujiandikisha. Na siku kadhaa za mwaka wasiingie watalii kabisa, waingie watu wa vijiji vya jirani, na watoto wao, wakiongozwa na wazee wao wenyewe. Bila panga.

Mkulima: Nani atatupekua hayo mapanga?

Mhifadhi: Askari getini.

Mkulima: Basi bado sisi ni wageni.

Mwalimu: Mama, hilo si dogo ingawa. Mjukuu wako angeingia na wewe.

Mkulima: Angeingia na mimi, ndiyo. Nimesikia. Sijasema sitaki.

Mwongoza watalii: Nami nitoe changu nisionekane natetea tumbo tu. Nakubali kila kituo niwe na mwenyeji, na asiwe wa kubeba mizigo. Awe wa kusema. Mimi nitafsiri, yeye aeleze. Sanje mama kama huyu azungumze juu ya msitu, delta nitafute njia ya kuipita kwa maji wakati wa bahari tulivu, kati ya Novemba na Februari. Lakini huyo mwenyeji alipwe na nani? Nikiongeza mshahara wake, bei inapanda. Ikipanda, mwalimu anatoka kabisa.

Mwalimu: Punguza ya kwako.

Mwongoza watalii: Yangu unaijua? Msimu wa masika kambi nyingi za Rufiji zinafungwa. Aprili na Mei silipwi. Nakaa Moshi namwangalia mama watoto.

Mvuvi: Hapo tuko sawa. Kusi likivuma na mimi namwangalia mke wangu. Haya, sikiliza pendekezo la mzee asiyesoma. Potwe mmoja, boti moja. Nyingine zingoje mbali, mashine zimezimwa. Vijana wapange zamu kila asubuhi pale ufukweni, kama tunavyopanga zamu ya kuvuta vyombo. Na kila boti itoe kitu kwenye mfuko mmoja, mfuko huo uwalipe wenye nyavu walioshusha usiku. Daftari liwe kwa wavuvi, lisiwe kwa kampuni wala kwa ofisi.

Mhifadhi: Daftari likiwa kwa wavuvi tu, nani atajua kama nyavu kweli zilishushwa? Kila mmoja atasema yake ilikuwa na potwe.

Mvuvi: Ndugu mhifadhi, umekaa kazini miaka yote, bado unadhani baharini usiku watu hawaonani? Taa zote zile? Tunajuana nani alishusha na nani anadanganya.

Mwongoza watalii: Mimi hofu yangu ni ile zamu. Wageni wangu wamekuja siku mbili tu Mafia. Asubuhi zamu yao ni ya tano, ikifika bahari imechafuka, potwe amezama. Nitawaambia nini?

Mvuvi: Waambie wamekuja baharini. Warudi Utende wale pweza, au wavuke Juani wakaone magofu ya Kua. Mji ule ulikuwa na sultani na misikiti wakati kwenu hakuna aliyejua Mafia iko wapi.

Mwongoza watalii: Na pesa zao? Watazidai. Kwangu, si kwako. Wataandika kwamba walidanganywa.

Mwalimu: Basi usiwauzie potwe. Wauzie bahari, potwe akitokea ni bahati yao.

Mwongoza watalii: Dada, hakuna anayepanda ndege kwa saa kumi kuja kutafuta bahati. Wewe ulikuja kwa boti ya Nyamisati, ukikosa unarudi likizo ijayo. Yeye akikosa hatamwona potwe maisha yake yote, na ana haki ya kumdai mtu.

Mkulima: Ana haki, ndiyo. Na mimi tembo wa huo mlima akishuka usiku akala shamba lote la mahindi, namdai nani?

Mhifadhi: Kuna utaratibu wa kifuta jasho, mama. Kuna fomu, unapitia kijijini.

Mkulima: Nilijaza. Mwaka juzi.